Mwaka wa Treni ya Machimboni

Tulimzika Mzee Ngailo siku ya Jumanne, nje kidogo ya Makambako, kwenye mvua nyembamba ambayo haikumrudisha mtu nyumbani. Masanja ndiye aliyenipigia simu. Alisema, "Dada Sikudhani, dereva wetu amepumzika," kisha salio lake likaisha. Nilimwachia fundi mwenzangu funguo za karakana yetu ya Mlandege, Iringa, nikapanda basi la asubuhi. Baada ya mazishi, watu walipokwisha kula wali na maharage, wale tuliobaki wa treni tulijikuta tumekaa benchi moja bila kupangana: Masanja, Mama Tuli ambaye siku hizi haoni vizuri, na mimi. Mjukuu wa marehemu, binti aliyekuwa anamalizia chuo, akaja kutuuliza kama ni kweli babu yake aliwahi kuendesha treni bila mshahara, na kama ni kweli siku moja behewa lilimtoroka. Masanja alinitazama. Mama Tuli naye akageuza uso upande wangu, ingawa sidhani kama aliniona. Nikamwambia yule binti kwamba ni kweli, na kwamba aliyelitorosha ni mimi.

Habari za kwetu Mlandege na za kulelewa kwangu nitaziruka, hazina tofauti na za wengi. Nianzie mwezi wa nane wa mwaka ule, miaka ishirini iliyopita, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na cheti cha kuchomelea vyuma, nikapata kazi kwenye karakana moja ya Chimala kando ya barabara kuu. Tulitengeneza matrela ya matrekta na vyuma vya mashine za kukoboa mpunga vilivyoletwa kutoka Ubaruku vikiwa bado vimejaa pumba. Nilipanga chumba kwa Mama Tuli, mjane wa mtu wa reli. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha moja lililotazama jikoni, kwa hiyo kila kilichopikwa nilikinusa na kila kilichosemwa nilikisikia. Ijumaa jioni walikuja wazee wanane au tisa, wote wastaafu, wakakaa kwenye vigoda kulizunguka jiko kama watu waliokuja kuposa. Ijumaa ya pili nikamsikia mmoja wao, Mwalimu Mbilinyi, aliyefundisha jiografia maisha yake yote na bado alizungumza kama yuko mbele ya ubao, akisema, "Kichwa tunacho. Behewa tunalo. Njia tunayo. Hatuna mtu wa kuchomelea."

"Yupo humo chumbani," Mama Tuli akasema.

"Humo kuna nani?"

"Mpangaji wangu."

Mwingine akadakia, "Si binti huyo?"

"Ndiyo, binti. Kwani chuma kinauliza?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Njia waliyoizungumzia ilikuwa tawi la kilometa tano, lililoachana na reli kubwa pale bondeni na kupanda taratibu mpaka chini ya milima ya Matamba, kwenye machimbo ya kokoto. Reli kubwa ilipokuwa inajengwa, kokoto zake nyingi zilitoka huko. Kazi ilipokwisha, machimbo yakafungwa na tawi likaachwa, vichaka vikalimeza. Wazee hawa, wengi wao walivunja mawe pale wakiwa vijana, walikuwa wameiandikia ofisi ya reli wakaruhusiwa kulifufua: kichwa kimoja kidogo cha dizeli kilichokuwa kimeegeshwa, behewa moja la abiria, na safari za Jumamosi tu, kwa sharti kwamba mkaguzi aridhike kwanza. Mwalimu alisema ni kwa ajili ya wanafunzi, ambao treni waliijua kwa kuipungia mkono ikipita mbali. Mama Tuli alisema ni kwa ajili ya wanawake wa machimboni wanaobeba nyanya kichwani mpaka sokoni. Mzee Ngailo, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, alipoulizwa alijibu, "Mimi nataka kuendesha."

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata akiwa chini ya behewa. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alinipa nyundo, akanionyesha jinsi ya kugonga kila bolti na kusikiliza: iliyokaza hulia kama kengele, iliyolegea hulia kama debe. Jumamosi zangu zote za kiangazi kile nilizimaliza hivyo, nikigonga na kusikiliza, huku wenzangu wakifyeka na kufukua vyuma vilivyozikwa na udongo. Saa saba Mama Tuli alifika na sufuria kichwani, tukala ugali, maharage na parachichi tukiwa tumekaa juu ya reli yenyewe, na mazungumzo yakawa yale yale: nani aliwahi kuendesha kwenda Mlimba usiku wa ukungu, nani alifukuzwa kazi kwa kulala. Sasa nikikumbuka naona nilikuwa na furaha, lakini wakati ule nilidhani nimechoka tu.

Mwezi wa kumi tukagundua kwamba mataruma hayatoshi, yale magogo ya mbao yanayolazwa chini ya reli. Karibu arobaini yalikuwa hayapo. Tukayakuta yamesimama wima, yamepangwa vizuri, yamekuwa zizi la ng'ombe la Masanja. Familia yake ilikuwa imehamia bonde la Usangu kutoka Usukumani, na njia ya ng'ombe wake kwenda mtoni ilikatiza tawi letu. Alikuwa kijana wa umri wangu, mrefu, na alitusikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea fimbo.

"Nilikuta mbao zimelala kwenye majani," alisema. "Hazikuwa na mwenyewe."

"Mwenyewe ni serikali," Mwalimu akasema.

"Basi serikali ilikuwa imesinzia."

Mzee Ngailo alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. Akamuuliza ng'ombe wanapita saa ngapi. Masanja akataja. Mzee akasema treni itapita saa nyingine, na pale wanapokatiza tutajenga kivuko cha mbao ili wasivunjike miguu, naye Masanja akipenda awe mshika bendera wa kivuko hicho. Wiki iliyofuata mataruma yote yalirudi, yamebebwa kwa mkokoteni wa maksai, na Masanja juu yake. Tangu siku hiyo mpaka mwaka ukaisha hakukosa Jumamosi hata moja.

Treni ilipangwa kujaribiwa mwezi wa pili, na mvua ilikuwa haipumziki. Alhamisi ya wiki ya majaribio niligundua ufa kwenye fimbo ya breki ya mkono. Naomba nieleze kidogo, maana yote yanatokana na hapa. Kwenye kona moja ndani ya behewa kulikuwa na gurudumu la chuma la kuzungusha kwa mikono, na kibati chenye maandishi ya Kichina ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuyasoma. Ukilizungusha, linavuta fimbo ya chuma iliyopita chini ya sakafu, na fimbo inayabana magurudumu ya behewa. Fimbo hiyo ndiyo iliyokuwa na ufa. Niliukata, nikajiandaa kuchomelea, na nilipofungua boksi la vijiti vya kuchomelea nikakuta bati la stoo limevuja na vijiti vimelowa. Kijiti chenye unyevu hutema cheche ovyo na huacha vitundu ndani ya chuma, kama mkate. Chuoni tulifundishwa kuvikausha kwa joto kali, kwa muda mrefu. Mimi niliviweka kando ya jiko la Mama Tuli nusu saa. Jenereta tuliazimwa na kanisa, na kwaya ilikuwa inaisubiri kwa mazoezi ya jioni. Mwanakwaya mmoja alikwisha kufika na toroli, amekaa anapiga miluzi. Nikachomelea. Nikaona vitundu vitatu. Nilijua la kufanya: kufuta yote na kuanza upya. Badala yake nikasawazisha kwa grenda, ile mashine ya kusaga chuma, mpaka vitundu visionekane, nikapaka rangi nyekundu. Ilipendeza.

Mzee Ngailo alipita, akainama, akatazama. "Imeshika?"

"Imeshika, Mzee."

Jumamosi mvua ilipumzika. Abiria hawakuruhusiwa kupanda, ni wahusika tu, lakini Mama Tuli alipanda na sufuria lake la maharage akasema yeye ni mhusika wa chakula, na hakuna aliyembishia. Nilikaa naye kwenye behewa, karibu na gurudumu la breki. Tulipanda mlima salama. Masanja alitupungia bendera kivukoni, akiwa amenyoosha mkono kama askari. Machimboni kichwa hukatwa kutoka kwenye behewa, hupita njia ya pembeni, na hurudi kuungwa upande wa pili. Kwa dakika hizo chache behewa husimama peke yake, likishikwa na breki ya mkono tu. Nilizungusha gurudumu mpaka mikono ikakataa.

"Umefunga?" Mzee akapaza sauti kutoka kwenye kichwa.

"Nimefunga!"

Kichwa kikaondoka. Kilikuwa kimefika mbali kiasi nilipousikia mlio chini ya sakafu, kama tawi kavu limevunjika. Gurudumu likawa jepesi mikononi mwangu, likizunguka bila kushika kitu. Behewa lilianza kusogea polepole sana, hata nikadhani ni milima inayosogea.

"Tumeanza kurudi?" Mama Tuli akauliza. "Mbona kichwa kiko kule?"

"Ruka, mama!"

"Niruke na magoti haya?"

Watu wamewahi kunisifu kwamba nilibaki kwa ajili yake. Si kweli. Nilibaki kwa sababu miguu yangu haikunisikiliza. Tulikaa sakafuni, tukashika miguu ya benchi, behewa likaongeza mwendo, na nyuma yetu honi ya kichwa ililia mfululizo bila kukata. Honi hiyo ndiyo iliyotuokoa. Masanja aliisikia, akatazama juu, akaona behewa linateremka bila kichwa. Mbele ya kivuko njia ilipinda, kisha kulikuwa na daraja dogo ambalo hata kwa mwendo wa kutembea tulilipita tukiwa tumeshika pumzi. Kando ya kivuko kulikuwa na mataruma mawili ya ziada. Alilivuta moja peke yake akalilaza kukatiza reli, na alikuwa bado anarudi nyuma tulipoligonga. Behewa liliruka kutoka relini, likalima udongo, likaegemea tuta, likatulia. Vioo vilivunjika. Maharage yalikuwa yamepaa mpaka darini. Mama Tuli alikuwa na jeraha la paji la uso, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama sufuria limetoboka. Masanja alikuwa amekaa kwenye matope, ameshika mguu. Taruma lilikuwa limerushwa likamponda, na hospitalini walilazimika kumkata vidole viwili.

Nilikwenda kumwona Jumatatu. Wodi ilinuka dawa ya sakafu, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anamenya chungwa taratibu. Masanja aliniuliza habari za Mama Tuli, kisha akauliza, "Kilichokatika ni nini?"

"Bado tunaangalia," nikamjibu.

Hakukuwa na cha kuangalia. Mzee Ngailo alikuwa na vile vipande viwili vya fimbo kwenye stoo, amevilaza juu ya gunia. Aliniita jioni ile, akanionyesha palipokatika. Ndani ya chuma, chini ya rangi nyekundu, vitundu vilionekana waziwazi.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona vitundu."

"Vilikuwepo Alhamisi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alikunja gunia juu ya vipande, kama mtu anayemfunika mtoto. "Mkaguzi anakuja Alhamisi hii. Mimi akiniuliza nitamwambia nilichokiona. Wewe unacho unachokijua." Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza.

Jioni ya Jumanne wazee walikaa jikoni kwa dharura. Mwalimu Mbilinyi alikuwa na maneno tayari: chuma kimechoka, kizee, hakuna wa kulaumiwa. "Tukisema ni uchomeleaji," alisema, "wataona hawa ni vikongwe wanaocheza na uhai wa watu. Tutafungiwa moja kwa moja." Walinigeukia wote, si kwa ubaya, na mmoja akanimiminia chai. Nilishukuru, nikaingia chumbani. Kupitia dirishani nikawasikia waliobaki, Mwalimu na Mzee Ngailo.

"Ngailo, miaka mitatu tumeifyeka njia hii. Utaiua kwa neno moja?"

"Sitaki kuiua."

"Basi si unyamaze tu? Hata binti mwenyewe utakuwa umemsaidia."

Nikasikia kigoda kikisogezwa. Kisha Mzee akasema, "Akiondoka hapa na uongo huo, atachomelea kitu gani tena ambacho mtu atapanda?"

Jumatano nilifunga begi langu. Nilikaa stendi ya Chimala tangu saa mbili asubuhi. Basi la kwanza la Iringa lilikuja, konda akalipigapiga ubavu akiita, "Iringa, Iringa, dada twende!" nikamwambia nasubiri mtu. La pili nalo likaja, likajaza, likaondoka. Ningependa kusema kwamba nilipata ujasiri wa ghafla, lakini nilichokuwa nacho ni swali la Masanja, ambalo halikunitoka, na jibu nililompa mtu aliyelala na mguu uliofungwa. Nikaliacha begi kwa muuza maji, nikaenda hospitali kwa miguu.

Nilimweleza yote, vijiti, kwaya, grenda, rangi. Alinisikiliza kama alivyotusikiliza siku ya mataruma.

"Ulijua kabla hatujaanza safari?"

"Nilijua."

"Na Mama Tuli akapanda."

"Akapanda."

Akageuza uso ukutani. "Nenda kamwambie huyo mkaguzi. Mimi usinisemeshe kwanza."

Mkaguzi alifika Alhamisi na koti la mvua, mtu mpole mwenye mafua. Mwalimu alianza kumweleza habari za umri wa vyuma, nikamkatiza. Sikuwahi kumkatiza mtu mzima kabla ya hapo. Nilisema ni mimi, nikasema jinsi, nikamwonyesha kipande. Alikigeuza kwenye mwanga kwa muda mrefu.

"Nani alikufundisha kuficha kwa rangi?"

"Hakuna aliyenifundisha."

Aliandika. Akasema njia imefungwa mpaka kila sehemu ya breki ifunguliwe, itengenezwe upya na ionwe na macho yake. Wazee walitazama chini. Alipokuwa anavaa koti akamgeukia Mwalimu. "Ungesimamia ile hoja ya chuma kuchoka, behewa lote ni la umri mmoja. Ningeandika likatwe vipande." Mwalimu Mbilinyi alikoroga chai yake, ambayo ilikuwa imepoa na haikuwa na sukari. Jioni alikuja mlangoni kwangu, akasimama, akasema, "Mwanangu, samahani," akaondoka kabla sijampa kiti.

Miezi mitano tulifanya kazi ile. Tulilirudisha behewa relini kwa jeki na magogo, sentimita kwa sentimita, kisha nikafungua kila kilichoweza kufunguka. Vijiti nilivikausha kwenye pipa la mkaa ambalo Mama Tuli alikuwa analilinda kama nyungu ya dawa. Kabla ya kuchomelea chochote, Mzee Ngailo alinitaka nichomelee vipande viwili vya majaribio, kisha nivivunje mwenyewe kwa nyundo mbele yake, tutazame ndani. Mara nyingi tulivunja. Kuna siku nilirudia kiungo kimoja mpaka nikalia, naye akaenda kutazama milima mpaka nilipomaliza. Masanja alirudi kazini pamoja nasi mwezi wa nne, akichechemea, akasalimia wote na mimi akaniruka. Sikumlaumu. Mwezi wa sita, asubuhi moja, akaja karakanani na jembe la kukokotwa na ng'ombe, limekatika mpini wa chuma. Akalitua miguuni pangu.

"Hili nalo," akasema, "ukimaliza usilipake rangi."

Nililichomelea akiwa amesimama hapo hapo. Akalichunguza, akalipiga kwa jiwe, akasikiliza. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mkaguzi alituruhusu mwezi wa saba. Jumamosi ya ufunguzi walikuja wanafunzi wa shule mbili, wanawake na matenga yao, wafugaji, na ile kwaya iliyotuazima jenereta. Watu walipokuwa wanasukumana mlangoni, Mzee Ngailo alishuka kutoka kwenye kichwa, shati limefungwa mpaka shingoni, akainua mkono wakanyamaza.

"Breki ya behewa hili imetengenezwa na nani?" akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

Sikuwa nimetegemea. "Mimi," nikasema.

"Mimi nani?"

"Sikudhani wa Mlandege!"

"Na leo utapanda wapi?"

"Humu humu, Mzee."

Akawageukia watu. "Haya, pandeni."

Wakapanda. Mama Tuli alikaa mbele kabisa. Kivukoni Masanja alisimama na bendera yake, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kupita. Tulifika machimboni, na ikabidi kukata kichwa. Nilizungusha gurudumu mpaka mwisho, nikabaki nimelishika. Kichwa kikaondoka, kikaingia njia ya pembeni, sauti yake ikapungua, na behewa likabaki peke yake juu ya mteremko na watu wote wale ndani, watoto wakirukaruka, kwaya ikianza wimbo wa pili. Nilitazama jiwe moja nje ya dirisha, mkabala na fremu. Lilikaa pale pale. Wimbo ukafika ubeti wa tatu. Jiwe lilikuwa bado pale pale kichwa kilipozunguka na kutugusa kwa kishindo kidogo upande wa chini, watoto wakapiga kelele za furaha. Mzee Ngailo akatembea kando ya behewa, akainama chini yake, akatazama, akasimama.

"Fungua," akaniambia. "Tuwarudishe watu nyumbani."